Kupanda Mchongoma: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Baiskeli ya Njia za Milimani

Wahenga walinena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa mwendesha baiskeli wa milimani, methali hii ni ukweli wa kila siku. Mtu anayetafuta baiskeli ya kupitia njia za vijijini zinazopanda na kushuka vilima huuliza dukani kama baiskeli ni nyepesi, kama ina gia na kama itampandisha. Ni nadra kuuliza kama itamshusha salama. Ilhali akishindwa kupanda, atateremka kwenye kiti na kuisukuma, asipoteze kitu ila jasho na dakika chache. Breki zikimshinda akiwa katikati ya mteremko, hana njia ya pili.

Makala haya yanamweleza mlaji mambo ya kukagua kabla ya kununua au kukodi baiskeli ya milimani, sababu za kila ukaguzi, na hatua za kuchukua endapo bidhaa aliyouziwa haikuwa kama alivyoelezwa. Ukaguzi mwingi unaoelezwa humu hauhitaji spana wala fundi. Unahitaji dakika kumi, mikono miwili na ujasiri wa kumwambia muuzaji, "Naomba niijaribu kwanza."

Njia tulivu na mitego yake

Nchi yetu ina maeneo mengi yanayofaa uendeshaji wa baiskeli kwa utulivu: vilima vya Njombe, mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, vijiji vya migombani chini ya Kilimanjaro, na Milima ya Usambara mkoani Tanga. Tuchukue mfano wa Usambara. Barabara ya lami kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ina urefu wa takriban kilomita 33, na katika safari hiyo msafiri hupanda karibu mita 1,000. Barabara hiyo ina mabasi, malori na kona kali, kwa hiyo si mahali pa kujifunzia. Njia tulivu ni zile zinazotawanyika kutoka Lushoto kwenda Irente, Magamba na vijiji vilivyo mbali zaidi. Nyingi ni nyembamba, hupita kati ya mashamba ya mboga na miti, na magari ni machache.

Utulivu huo ndio unaowavutia watu, lakini una mitego yake. Palipo na magari machache, watoto hucheza barabarani, mbuzi huvuka bila kuangalia, na mwenye mzigo kichwani hutembea katikati ya njia. Uso wa njia hubadilika bila onyo: lami huishia kwenye vumbi, vumbi huwa changarawe, na kwenye kivuli cha msitu tope hukaa siku kadhaa baada ya mvua. Aidha, msaada huwa mbali. Kasoro ambayo mjini ingekupeleka kwa fundi wa kona inayofuata, huku inaweza kukugharimu saa tatu za kutembea.

Kiasi cha kazi ya breki

Breki haiondoi mwendo bure. Inaubadili kuwa joto. Tumfikirie mwendeshaji mwenye kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 15. Akishuka mita 100 za wima kwa mwendo wa polepole usiobadilika, karibu nguvu yote ya mteremko huishia kwenye breki. Joto linalozalishwa linatosha kuchemsha maji ya kikombe kimoja cha chai, yaani robo lita. Akishuka mita 1,000, ni vikombe kumi. Joto hilo lote hupita kwenye vipande vidogo vya raba na kwenye ringi, au kwenye diski isiyozidi ukubwa wa kisahani. Akifunga gunia la kilo 50 kwenye keria, kazi hiyo huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Jambo la pili ni mwendo. Ukienda kilomita 20 kwa saa kwenye barabara kavu iliyo tambarare, ukiwa na breki nzuri, utahitaji takriban mita 10 ili kusimama, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka na kufinya breki. Ukienda kilomita 40 kwa saa, utahitaji zaidi ya mita 26. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini sehemu ya kusimama inayotegemea breki peke yake imeongezeka mara nne. Kwenye mteremko umbali huo hurefuka zaidi, na kwenye changarawe au tope zaidi tena.

Kutokana na hayo, baiskeli inayotosha kwenda sokoni katika mji wa tambarare inaweza kuwa ya hatari milimani, hata kama ni mpya na inang'aa.

Aina za breki na tabia zake

Breki za vyuma, zinazovutwa kwa fimbo badala ya waya na kuonekana kwenye baiskeli kubwa nyeusi za zamani, ni imara na hutengenezeka kwa urahisi. Udhaifu wake mkubwa ni mvua. Ringi zake huwa za chuma kilichopakwa kromiamu, na raba inaposhika chuma cha aina hiyo kikiwa kimelowa, huteleza kwanza kabla ya kukamata. Breki iliyokutosha asubuhi kavu inaweza kukuacha ukienda mbali mno jioni ya mvua.

Breki ya kukanyaga pedali kwa nyuma hukaa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na mvua haiisumbui. Lakini ni ya gurudumu moja tu, hupata joto kali kwenye mteremko mrefu, na mnyororo ukichomoka breki hiyo nayo hupotea papo hapo. Kwa njia za milimani isitegemewe peke yake.

Breki za waya zinazobana ringi za aluminiamu ndizo zinazopatikana kwa wingi kwenye baiskeli za gia. Zikirekebishwa vizuri zinafaa milimani, na fundi wengi wanazijua. Ringi za aluminiamu hushikika vizuri zaidi kwenye maji kuliko za chuma. Tahadhari ni kwamba raba huliwa upesi, na ringi yenyewe huliwa polepole.

Breki za diski hufanya kazi vizuri kwenye mvua na tope kwa sababu diski iko mbali na uchafu wa tairi. Zipo zinazovutwa kwa waya na zipo zinazotumia oili. Kabla ya kulipa gharama yake, muulize muuzaji kama vipuri vya aina hiyo vinapatikana, na uulize vilevile kwa fundi wa mahali unakoishi. Breki bora isiyo na vipuri wilayani kwako itakuwa breki mbovu baada ya miezi michache.

Kwa aina yoyote utakayochagua, baiskeli ya milimani ni lazima iwe na breki mbili zinazofanya kazi kila moja kivyake, ya mbele na ya nyuma. Wapo wanaofungua breki ya mbele wakiamini kwamba ndiyo inayopindua mtu. Ukweli ni kwamba unapopunguza mwendo uzito wako huhamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Linalopindua ni kuifinya kwa ghafla na kwa nguvu zote. Dawa yake ni kujifunza kuitumia kwa upole, kwa sababu ukiiondoa umebaki na breki iliyo dhaifu kuliko zote mbili.

Ukaguzi wa dakika kumi

Fanya ukaguzi huu dukani au kwa anayekukodishia, kabla ya kutoa fedha.

1. Finya mkono wa breki kwa nguvu. Usifike kugusa usukani. Ukigusa, waya umelegea au raba zimekwisha. Angalia pia kama waya una nyuzi zilizokatika, hasa karibu na mkono wa breki.

2. Simama kando ya baiskeli, finya breki ya mbele peke yake na uisukume mbele. Gurudumu lisizunguke. Gurudumu la nyuma likianza kunyanyuka, breki ni nzuri. Rudia kwa breki ya nyuma: gurudumu liburuzwe bila kuzunguka.

3. Inama utazame raba. Zishike ringi peke yake, zisiguse tairi hata kidogo, kwa maana raba inayogusa tairi hulila hadi lipasuke. Raba mpya iliyo ngumu kama plastiki au yenye nyufa isikubaliwe.

4. Nyanyua kila gurudumu ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, spoki zimelegea au ringi imepinda. Bonyeza spoki mbilimbili kwa vidole uone kama mojawapo imelegea kuliko nyingine.

5. Finya breki ya mbele, kisha usukume usukani mbele na nyuma. Ukisikia mgongano shingoni, gololi zimelegea au zimeliwa. Shika mikono ya pedali uitikise upande kwa upande, isicheze.

6. Pitisha macho na vidole kwenye fremu, hasa pale bomba zinapoungana chini ya usukani, na kwenye uma wa mbele. Ufa mwembamba kwenye rangi, uvimbe au mkunjo kwenye bomba ni dalili ya ajali ya zamani. Kwa baiskeli ya mtumba hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu iulizwe sababu.

7. Hakikisha nati za magurudumu, usukani na kiti zimekazwa. Iwapo gurudumu hufungwa kwa kibano cha mkono, mwombe muuzaji akuonyeshe namna ya kukifunga, kisha ukifunge wewe mwenyewe mbele yake.

Muuzaji anayekataa baiskeli isijaribiwe amekwisha kukujibu swali lako.

Gia: hesabu ya kupanda

Idadi ya gia iliyoandikwa kwenye fremu haielezi kama utaweza kupanda. Kinachoeleza ni meno. Gawanya meno ya gia ya mbele kwa meno ya gia ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli nyingi za watu wazima hukaribia mita 2.1. Jibu ni umbali unaosogea kila pedali inapozunguka mara moja.

Tuseme baiskeli isiyobadilika gia ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Itasogea takriban mita 5.1 kwa kila mzunguko. Ukipanda kilima kwa kilomita 10 kwa saa, miguu itazunguka mara 33 tu kwa dakika, na kila mkanyago utakuwa mzito kama kupanda ngazi ndefu. Baiskeli yenye meno 28 mbele na 28 nyuma kwenye gia yake nyepesi itasogea mita 2.1, na miguu itazunguka karibu mara 80 kwa mwendo uleule. Kazi ya jumla ni ileile, ila imegawanywa katika mikanyago midogo ambayo magoti hustahimili.

Kwa hiyo usikubali maneno "gia 21" kuwa ndiyo sifa. Hesabu meno ya gia nyepesi kuliko zote. Jibu likikaribia mita 2 au likiwa chini ya hapo, baiskeli hiyo itakufaa milimani. Kisha panda uijaribu: kila gia ishike bila kuruka, na mnyororo usidondoke upande wa ndani wala wa nje.

Tairi na namba zake

Wanunuzi wengi hurudi dukani wakilalamika kuwa tairi "ya inchi 26" haiingii kwenye ringi "ya inchi 26". Mara nyingine hakuna aliyedanganya. Jina hilo hutumiwa kwa vipimo kadhaa visivyolingana. Tairi iliyoandikwa 26 x 1.75 hukaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 559, na iliyoandikwa 26 x 1 3/8 hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Suluhisho ni kutafuta namba ndogo iliyo ubavuni mwa tairi, mfano 47-559. Namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha ringi, vyote kwa milimita. Iandike namba hiyo kwenye simu yako. Namba ya pili ndiyo isiyobadilika unaponunua tairi jipya.

Ubavuni huohuo umeandikwa kiwango cha upepo. Usikizidishe. Tairi lililojaa kupita kiasi, likipata joto la ringi kwenye mteremko mrefu, linaweza kupasuka.

Kofia ngumu

Kofia ya baiskeli hufanya kazi kwa kubondeka: povu gumu lililo ndani hupondeka badala ya kichwa, na likishapondeka mara moja halirudi. Ndiyo maana kofia iliyowahi kuanguka na mtu isitumike tena, hata kama nje haina alama. Kwa sababu hiyohiyo kofia ya mtumba ni bahati nasibu, kwani hujui historia yake. Unaponunua mpya, tafuta ndani yake alama ya kiwango kilichotumika kuipima, kama vile EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani. Kisha ivae: ikae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, mkanda ufungwe chini ya kidevu, na ukitikisa kichwa isihame.

Unapokodi

Anayekodi ana haki ya kukagua sawa na anayenunua. Kabla ya kuondoka, piga picha za baiskeli pande zote mbili, zikionyesha mikwaruzo iliyopo. Kubalianeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kuhusu muda, bei, nani atagharamia pancha, na nani ataifuata baiskeli ikiharibika njiani. Omba pampu, viraka na solusheni, au tyubu ya akiba. Endesha kwanza mita mia kwenye tambarare ukijua mkono upi ni wa breki ya mbele, kwa kuwa baiskeli hutofautiana.

Namna ya kushuka

Baiskeli nzuri haimwokoi mtu asiyejua kushuka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Tumia breki zote mbili kwa pamoja, ukisogeza uzito nyuma kidogo. Badala ya kuzikokota breki kutoka juu hadi chini, finya kwa uthabiti upunguze mwendo, kisha achia zipoe, halafu rudia. Kwenye mteremko mrefu simama mara kwa mara. Usiguse diski wala ringi kwa kidole, kwa maana zinaweza kukuunguza. Mvua ikinyesha, finya breki mapema ili raba zifute maji, na ongeza nafasi ya kusimama. Kaa kushoto, piga kengele kabla ya kona iliyojificha, na ukiwa na shaka, shuka utembee.

Ukiuziwa isivyo sahihi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, hali au asili ya bidhaa. Muuzaji akisema baiskeli ni mpya ilhali imepakwa rangi upya, au akisema kipuri ni cha kampuni fulani ilhali ni bandia, amevunja sheria hiyo. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti au kubandikwa ukutani hayamwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro.

Hata hivyo, haki hudaiwa kwa ushahidi. Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe aina ya baiskeli na kama ni mpya au ya mtumba. Iwapo kuna dhamana, iwe ya maandishi, ikitaja muda na sehemu zinazohusika. Kasoro ikijitokeza, acha kuitumia baiskeli, ipige picha, na umrudie muuzaji mapema ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako kwa maandishi kwenye Tume ya Ushindani (FCC). Ikiwa suala ni usalama au kiwango cha bidhaa yenyewe, litaarifu pia Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Taarifa yako moja inaweza kumkinga mwingine ambaye bado hajafika kwenye mteremko.

Mwisho, mlaji anashauriwa kutenga sehemu ya bajeti yake kwa ajili ya kushuka: raba nzuri, waya mpya na kofia yenye alama ya kiwango. Fedha ikiwa haba, ni afadhali kupunguza rangi na mapambo kuliko kupunguza breki. Kilima ulichokipanda kwa jasho la saa nzima utakishuka kwa dakika chache, na katika dakika hizo uhai wako utashikiliwa na vipande vinne vya raba ambavyo ungeweza kuvikagua ukiwa bado dukani.